Ukoko wa Gari la Mjomba

Juzi mjukuu wangu alinipeleka gereji. Si kwamba nilikwenda kutengenezwa mimi, ingawa magoti yangu nayo yanadai grisi. Alipeleka gari lake, nami nikawa nimo ndani, maana tulikuwa tunatoka soko la Ngamiani na kapu langu la samaki. Gari lenyewe ni jekundu, limeinamia chini kama linatafuta sindano iliyopotea. Fundi, kijana mwenye ndevu tatu tu, nilizihesabu, alifunua boneti akatueleza kwamba injini hii si kama nyingine. Haina pistoni. Ndani yake mna kitu cha pembe tatu kinachozunguka.

"Kama sambusa, bibi," akaniambia, maana aliona nimekodoa macho. "Sambusa inazunguka ndani ya sufuria. Sasa pembe zake zimeshika masizi."

Akawasha, akatwaa chupa ya maji na mrija mwembamba, akawa anainywesha ile injini funda kwa funda huku inanguruma, kama mtu anayemnywesha mgonjwa uji. Mara huko nyuma bomba likakohoa. Likatema moshi mweupe, kisha mweusi, kisha vipande vyeusi vikarukia ukutani. Na harufu ikaja. Rafiki yangu, kama pua ingekuwa na miguu, yangu ingenibeba siku ile ikanitupa Tongoni, uani kwa bibi yangu, miaka ile ya hamsini, mimi mtoto wa miaka tisa nimeinama ndani ya sufuria mpaka kiunoni.

Machozi yalinitoka. Mjukuu wangu akauliza kuna nini. Nikasema moshi.

Bibi yangu, mzaa mama, alikuwa mpishi wa shughuli. Tangu Tongoni mpaka Kigombe hakuna aliyeolewa, aliyetahiriwa wala aliyefanyiwa hitima bila bibi kutandika mafiga yake. Alikuwa na sufuria moja kubwa mno, la madini yale meupe laini, tukiliita Bi Mkubwa. Ukilipindua unapata nyumba ya vyumba viwili. Sawa, nimeongeza chumba kimoja, lakini mbuzi mzima alikuwa akiingia humo na pembe zake. Wali ukiiva bibi alikuwa akipalia makaa juu ya kifuniko, na chini unabaki ukoko, mkavu, wa rangi ya kahawia, umenuka nazi na hiliki. Huo ukoko ndio uliokuwa ujira wangu. Kazi yangu ilikuwa kukwangua, na bibi alikuwa na sheria moja isiyokatiwa rufaa: mkwangua ndiye mlaji. Hata kadhi angekuja na njaa yake, ukoko ulikuwa wa yule aliyeingiza kichwa sufuriani.

Majirani walinitisha. "Endelea kula ukoko, mwana wee! Siku ya harusi yako itanyesha mvua." Niliolewa mwezi wa jua kali, na mvua iliyonyesha siku hiyo, bata walikuja bila kualikwa. Lakini hayo ni ya mbele.

Nilikwangua kwa kifuu cha nazi. Bibi alinifunza mapema kwamba sufuria haiguswi kwa chuma. Chuma hukwaruza, na penye mkwaruzo ndipo wali wa kesho utashika. Kwanza unaloweka, unaacha ukoko ulainike na uone haya wenyewe, kisha unachukua kipande cha kifuu chenye makali, unakwenda nacho taratibu kwa mviringo. "Ukoko hautukanwi," alikuwa akisema. "Ukoko hubembelezwa." Kufikia miaka tisa nilikuwa bingwa. Ningekwangua hata mwezi ukang'aa zaidi.

Kwa nini nilikaa kwa bibi na si kwa mama? Ilikuwa ndiyo desturi, mtoto wa kwanza ni wa bibi. Na mama alipoachwa na baba yangu akaolewa na mtu wa reli, desturi ikapata miguu. Yule bwana alihamishwahamishwa, leo Korogwe, kesho Mombo, na mama alikwenda naye. Mwaka na nusu ulipita sijamtia machoni. Nilianza kusahau uso wake, nikabaki na vitu viwili: sauti yake akiita jina langu kutoka kisimani, na namna alivyokuwa akinipasulia ukoko vipande viwili, kikubwa changu, kidogo chake. Kisha tukasikia wamerudi Tanga mjini, na mama amejifungua.

Tanga! Kutoka kwetu hadi Tanga ni safari ya kumaliza muwa mmoja. Lakini kwa mtoto wa kike asiyekuwa na ruhusa, ilikuwa mbali kama Istambuli.

Na gari lilikuwapo. Mjomba wangu, mdogo wake mama, alikuwa dereva wa gari la abiria lenye bodi la mbao, limeandikwa usoni SUBIRA. Jina hilo alilitoa mwenye gari, mzee mmoja wa asili ya Omani aliyekuwa na minazi isiyohesabika na maneno ya kuhesabika. Mjomba alikuwa mtu wa vicheko, mwenye kofia ya kuegemea sikio, anajua kupiga honi kwa mwendo wa ngoma. Watoto wote wa Tongoni walimpenda. Mimi nilimpenda zaidi, kwa kuwa alikuwa wangu.

Basi mwaka huo Subira aliugua. Alianza kwa kugonga, ko ko ko, kama mtu yumo ndani ya injini anaomba kufunguliwa. Kisha akakosa nguvu. Penye kimwinuko kidogo, abiria walishuka wakasukuma, na walipofika juu walidai nauli yao, kwa kuwa walimbeba yeye badala ya yeye kuwabeba wao. Lakini kituko kilikuwa cha tatu: mjomba akizima ufunguo, gari halikubali. Linaendelea. Tuku, tuku, tuku.

"Zima gari, we bwana!"

"Nimezima!"

"Mbona linasema?"

"Muulize mwenyewe!"

Mjomba alionyesha ufunguo mkononi, amekwisha kuuchomoa, na gari lipo linatikisika na kusema peke yake. Wanawake walikusanya watoto. Ikapita kauli kwamba Subira ana pepo, tena pepo wa bara, asiyejua kusikilizana na watu wa pwani.

Mjomba akaenda kwa mwalimu wetu wa chuo cha Kurani kuomba kombe, yale maandishi ya zafarani yanayooshwa kwa maji, mgonjwa akanywa.

"Mgonjwa ana dalili gani?" mwalimu akauliza.

"Anakohoa, shekhe. Anapandwa na joto. Akiona mlima hukata tamaa. Na ukimwambia nyamaza, hanyamazi."

Mwalimu akamtazama kwa huruma. "Ni mkeo?"

"La, shekhe. Ni jamaa tu."

Mwalimu akaandika kwa ikhlasi zote. Mjomba akaja kulimwaga kombe lile kwenye rejeta. Habari ilipomfikia mwalimu, alimfuata na bakora barabarani, na siku hiyo tuliona kwamba mjomba bila gari alikuwa na mbio kuliko mjomba mwenye gari.

Mwenye gari hakucheka. Alikuja na mwavuli wake, akasimama, akasema maneno yake ya kuhesabika: "Maulidi yakifika hajapona, namuuza." Na Subira akiuzwa, mjomba si dereva tena, ni mtu mwenye kofia tu.

Ndipo mjomba akajitia ufundi. Alivuta gari mpaka nyuma ya ua wetu, chini ya kivuli cha ukuta, akafungua nati moja baada ya nyingine, akaziweka kwenye ungo wa bibi, na siku ya pili akainua kichwa cha injini. Sote tukachungulia. Nilitegemea kumwona pepo amekaa miguu juu. Hapakuwa na pepo. Palikuwa na mashimo manne, na katika kila shimo uso wa pistoni, mweusi, umevimba magamba magumu yaliyong'ang'ania kama yamezaliwa hapo.

Bibi alikuja na mwiko mkononi, akainama, akanusa. Akaparura kwa ukucha, akautazama ukucha.

"Pepo yuko wapi hapa?" akasema. "Huu ni ukoko."

"Mama, hii ni injini."

"Injini haipiki? Haina moto? Chakula kimeungua, chini kimeshika, nawe kila siku unapika juu yake. Ukoko ukishika moto, hata ukiondoa kuni sufuria linaendelea kutokota. Ndiyo maana ukizima halizimiki."

Rafiki yangu, nilikuja kusoma shule ya jioni nikiwa na watoto wanne, cheti changu kimetundikwa ukutani mpaka leo, juu kuliko picha ya harusi. Nimesoma habari za moto na hewa na mvuke. Sijakuta mahali palipoeleza vizuri zaidi ya pale. Masizi yalibaki na moto wa kaa, na mafuta yakiingia tu yanawaka bila kungoja ufunguo. Bibi, asiyejua alifu wala a, aliisoma injini kwa ukucha.

Mjomba akachukua bisibisi akaanza kukwaruza. Bibi akampiga kidole kwa mwiko.

"Chuma kwa hilo bati laini? Sufuria gani hukwanguliwa kwa panga? Mwite mwenye kazi yake."

Mwenye kazi yake ni mimi.

Nilikwangua siku tatu. Niliacha chuo, niliacha kombolela, niliacha hata kugombana. Tuliloweka kwa mafuta ya taa kama bibi alivyoloweka kwa maji. Unafunika kwa kitambaa, unangoja, kisha unakwenda na kifuu chako taratibu kwa mviringo. Magamba yalitoka kama maganda ya muhogo wa kuchoma. Chini yake ukatokea weupe, weupe uleule wa Bi Mkubwa. Siku ya tatu bibi alilichukua gasketi la shaba, lile bamba la kuziba kati ya kichwa na injini, akalichoma kwenye mafiga yake mpaka likawa jekundu kama jua la magharibi, akalitumbukiza majini, chwaaa, likawa laini kama mkeka mpya. Mjomba alimwonyesha namna ya kulishika, na bibi alimwonyesha mjomba namna ya kukaa kimya.

Mikono yangu ilikuwa myeusi mpaka viwikoni. Maulidi yalikuwa karibu, wenzangu wamepaka hina, na mimi nikipita jirani anapaza sauti: "Ala, mwali! Hilo piko kakupaka nani?" Sikujali. Kwa sababu siku ya kwanza ya kukwangua, bibi akiwa ameingia jikoni, mjomba alichuchumaa pembeni yangu akanishika sikio kwa upole.

"Mpwa wangu. Arobaini ya mtoto wa mama yako ni Jumamosi. Subira akipona, wewe unakaa mbele. Kiti cha mbele, karibu na mimi. Honi utapiga wewe. Nakupeleka mpaka mlangoni kwa mama yako."

"Kweli, mjomba?"

"Mkwangua si ndiye mlaji?"

Aliniapia kwa sheria ya bibi. Ningekwangua mpaka chuma cha injini kikatoboka nikatokea upande wa pili.

Jumamosi asubuhi niliamka kabla ya jogoo, nikamwamsha yeye. Nilivaa gauni la Idi. Mikono bibi aliisugua kwa limau na majivu, haikutakata, nami kimoyomoyo nilifurahi, maana nilitaka mama aione aniulize, nami nimweleze. Nilikuwa nimekwisha kuyapanga maneno. Ningemwambia: mama, gari lililonileta nimelipika mimi.

Watu walijaa barabarani kushuhudia. Mwenye gari alikuja na mwavuli wake. Mjomba akazungusha hendeli mara moja tu, Subira akaamka bila kugonga, sauti laini kama paka anayekunwa. Mjomba akazima. Kimya. Watu wakapiga makofi kwa kile kimya. Sijaona kimya kingine kinachopigiwa makofi namna ile.

Mwenye gari akauliza, "Nani fundi?"

Mimi nilikuwa nimesimama hapo, mikono mbele, vidole vyeusi vyote kumi. Mjomba aliniona. Akaangalia kofia yake, akaivaa.

"Fundi wa mjini, bwana. Fundi mkubwa. Nilimleta kwa siri."

"Ana ujuzi," akasema mwenye gari.

Nikaweka mikono nyuma. Iliniuma, lakini nikajiambia, mtu mkubwa huyu, hawezi kusema gari la watu limetengenezwa kwa kifuu. Acha fundi wa mjini achukue sifa, mimi nina kiti. Nikapanda mbele, nikakaa, miguu haifiki chini. Ngozi ya kile kiti ilikuwa na joto la asubuhi. Nikaigusa honi kwa kidole kimoja, sikuibonyeza, nilikuwa naitunza mpaka tufike mtaani kwa mama.

Mara bibi akaja, na nyuma yake mchukuzi amejitwika Bi Mkubwa.

Mjomba akafungua mlango wa upande wangu. Hakunitazama usoni. Akasema, "Shuka kidogo, mpwa wangu, tupange mizigo."

Nikashuka kidogo. Kidogo hicho hakijaisha mpaka leo.

Wakalipandisha Bi Mkubwa, wakalikalisha kwenye kiti changu, wakalifunga kamba kiunoni kama bi harusi anayeogopa safari. Mlango ukafungwa. Nikangoja niambiwe nipite wapi. Mjomba akazunguka upande wake, akapanda, akawasha. Nikasema, "Mjomba." Nikasema tena kwa sauti. Yeye ambaye alisikia abiria akikohoa nusu maili akasimama, siku ile hakusikia. Nilikimbia nyuma ya gari mpaka penye magofu ya kale, nikipiga ubao wa nyuma kwa ile mikono yangu, na Subira, niliyempa pumzi mimi mwenyewe, alikuwa amepata nguvu mno. Hakunisubiri. Walioandika jina lile usoni walisahau kuliandika nyuma.

Nilirudi na vumbi mdomoni. Bibi alikuwa anachambua mchele. Nikamuuliza kwa nini. Hakuinua uso.

"Mama yako kaomba sufuria," akasema. "Mtu hakuombwa."

Maneno sita. Yahesabu. Nimeishi nayo zaidi ya miaka sitini.

Siku ya tatu Bi Mkubwa alirudi, na alirudi mchafu. Kwetu sufuria la watu hurudi limeoshwa, na mwenye adabu hutia ndani yake japo chumvi kidogo. Hili lilirudi na ukoko chini, mnene, mzima mzima, haukuguswa na mwiko. Mjomba alilishusha mlangoni akaondoka upesi, kofia imenyooka kichwani. Bibi akalitazama. Akasema, sauti si yake, "Haya. Kazi yako hiyo."

Mimi nikaona yote kwa mara moja. Mama ana mtoto mpya. Mama ana nyumba mjini. Mama kaomba sufuria, kala na watu wake, kashiba, na mimi kaniletea uchafu nisafishe. Nilichukua kifuu, nikakwangua kwa hasira bila kuloweka, nikakusanya ukoko wote, ulionuka nazi na hiliki kama wa bibi, maana kafunzwa na bibi, nikautupa uani. Kuku wakaja mbio. Wakala wote. Sikulamba hata kidole.

Sasa sikiliza. Bibi yangu alikuwa mtu wa kunichapa kwa punje moja ya mchele iliyoanguka. Alikuwa amesimama mlangoni, ameona. Hakunichapa. Aliingia ndani akafunga mlango, mchana kweupe, na chakula cha siku ile alipika jirani. Nilifikiri ameona aibu kwa ajili ya mwanawe. Utoto una tafsiri zake.

Baada ya wiki mbili yule mtu wa reli akahamishiwa Arusha, na mama akaenda naye. Nilipokuja kumwona tena nilikuwa nimekwisha kuolewa. Tulisalimiana. "Shikamoo mama." "Marahaba mwanangu, hujambo?" Tulikaa kwenye mkeka mmoja tukazungumza habari za bei ya sukari. Kila mmoja wetu alikuwa na jambo la kumuuliza mwenzake, na kila mmoja alingoja mwenzake aanze. Aliondoka duniani tukiwa bado tunangojana. Bibi alikuwa ametangulia.

Mjomba ndiye aliyedumu. Sikumsusa kabisa, mjomba hasusiki, lakini tangu siku ile nilimwamkia bila kumpa mkono, naye hakuuliza sababu. Alizeeka Kigombe kwa mwanawe. Mwaka wake wa mwisho nilikwenda kumwona. Meno yalikuwa yamekwisha, kofia imebaki. Nilimpikia wali, naye akaniambia anataka ukoko, niuloweke kwenye chai. Nikamlisha. Alitafuna kwa ufizi, taratibu, akiniangalia mikono.

"Ule uliula?" akauliza.

"Upi, mjomba?"

"Uliotoka Tanga. Ndani ya Bi Mkubwa."

"Niliwatupia kuku."

Akaacha kutafuna. Nilidhani kimemkwama, nikampiga mgongoni. Akanisukuma mkono.

"Mama yako hakuomba sufuria," akasema. "Sufuria la nini, na Ngamiani yote hiyo ina masufuria? Aliomba wewe. Mama yangu, bibi yako, ndiye aliyesema, 'Akimwona mama yake harudi, nami nitabaki na nani? Mpelekee sufuria, atajua nimemnyima.' Nikampelekea. Mama yako alipofungua mlango wa gari akaona sufuria limekaa kwenye kiti, limefungwa kamba, alisimama pale mpaka watu wakaanza kuuliza. Kisha akapika humo. Akapakua watu wote, chini akaacha. Wifi zake walitaka kuloweka, akawakataza. Akaniambia, 'Mpe mwanangu. Mwambie mkwangua ndiye mlaji. Mwambie tunahama baada ya wiki mbili, na mimi nakaa mlangoni namngoja.'"

"Mbona hukuniambia?"

"Nilimwambia mama kwanza. Akasema, nikifumbua kinywa hana radhi nami."

"Na alipokufa?"

 Alitazama kikombe. Chai ilikuwa imegeuka rangi ya masizi.

Nifanye nini, rafiki yangu? Mjomba nilimmalizia ukoko wake, nikamfuta kidevu. Nilimpa mkono nilipoondoka, na mkono wake ulitetemeka kama Subira zamani, umezimwa lakini haunyamazi. Bibi siwezi kumuuliza. Kugombana na kaburi ni kazi ya hasara, wewe unachoka, lenyewe limelala. Najua aliogopa. Najua pia alikuwa na sheria moja tu jikoni mwake, akanifunza niiamini kama kibla, na siku niliyokwangua kuliko siku zote akaivunja yeye, na mlo wangu, kile kiti cha mbele, akaupa sufuria. Mimi ni mtu wa kucheka, waulize Tanga nzima. Hapa tu kicheko huwa kinafika mlangoni, kinavua viatu, hakiingii.

Siku hizi shughuli zina wapishi wa kukodi, na masufuria yao yanaoshwa kwa sabuni ya maji kabla hujamaliza kunawa. Mjukuu wangu ana chungu cha umeme kisichounguza hata kama umekisahau mpaka kesho. Watoto wa nyumbani wanakula wali mweupe juu na mweupe chini, hawajui kwamba wali una chini. Ile barabara yetu nimepita, magari yanakwenda kimya, hakuna anayeshuka kusukuma.

Pale gereji fundi alizima lile gari jekundu. Likanyamaza papo hapo, naye akatabasamu na ndevu zake tatu. "Umeona, bibi? Limetema lote."

"Siku ukiifungua," nikamwambia, "usiiguse kwa bisibisi. Tumia kifuu."

Wakacheka wote wawili. Nami nikacheka nao, nikafungua mlango wa mbele nikaketi, kapu la samaki nimelipakata mapajani, maana tangu siku ile sikubali mzigo ukae kwenye kiti na mtu akasimama. Mjukuu akawasha. Nikamwomba nipige honi, mara moja tu, akashangaa, akaniachia.

Nilichelewa kujua kusoma. Nilikuwa mama wa watoto wanne nilipoandika jina langu kwa mara ya kwanza, kwenye dawati la shule ya jioni, na mwalimu akanipigia makofi. Lakini barua ya kwanza kuandikiwa mimi ilikuwa imefika zamani, Tongoni, ndani ya sufuria, imeandikwa na mama yangu kwa moto na nazi. Walioisoma ni kuku.